Gauni la harusi lililofichwa dukani

Jua halijakolea Base Camp, kitovu cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na Mariette Nabintu tayari ameinama juu ya beseni, anasugua pindo la gauni la harusi kwa sabuni ya mche. Gauni limerudi jana kutoka kwenye harusi ya Jumamosi, na udongo mwekundu wa Nakivale haumwonei haya bibi harusi. Anasugua, anainua, anatazama kwenye mwanga, kisha anarudia.

Akiwa kwenye kazi hiyo, Mariette haharakishwi na mtu. Mteja aliyekuja na suruali ya kupunguzwa anaambiwa asubiri, au aende kwa fundi mwingine, maana wako tele. Anasubiri. Sare za shule na viraka ndivyo vinavyomlisha mama huyu wa miaka ishirini na minane, lakini gauni ndilo lililompa jina kambi nzima. Kulikodisha ni shilingi elfu ishirini, au debe la maharage kwa asiyekuwa nazo.

Wanaolikodi wengi hawajui kwamba halikununuliwa kwa biashara. Ni lake. Aliolewa nalo.

Alifika Nakivale mwaka 2005 akitokea Walungu, Kivu Kusini, pamoja na shangazi yake ambaye sasa ni marehemu. Ploti waliyopewa ilipakana na ya mjane mmoja na mwanawe wa mwisho, Pacifique Birindwa. Kijana huyo alikuwa na ugonjwa wa kutoona mpaka: kila akishika jembe, alijikuta anapalilia mahindi ya akina Mariette. Shangazi alicheka, akamwachia apalilie.

Wakafunga ndoa Desemba 2007, kwenye kanisa la udongo. Mariette alishona gauni mwenyewe kwa kitambaa cha kutoka Mbarara. Mpiga picha, Kamaldin, alikuja na pikipiki kutoka Biharwe, akapiga mpaka filamu ikaisha.

Ila kulikuwa na jambo. Mwaka mmoja kabla ya harusi, mama yake Pacifique alikuwa amefunguliwa faili la kwenda Kanada, na Pacifique alikuwamo kama mtoto ambaye hajaoa. Kambini maneno yalikuwa mengi. Walisema ukioa unatolewa kwenye faili la mama, unabaki. Walisema pia maofisa watapita nyumba kwa nyumba, na watatazama hadi picha za ukutani.

Kumwuliza mwanasheria? Jamani, nani pale alikuwa anamjua mwanasheria? Waliulizana wao kwa wao, na wote walikuwa hawajui. Vijana hao wawili wakakubaliana kwamba Pacifique akiulizwa atasema hana mke, na akifika atamwita Mariette. Waliamini ni suala la miaka miwili.

Siku moja asubuhi Mariette akatoa picha zote za harusi na kuzitia jikoni, chini ya sufuria ya maharage.

"Foto zote nilichoma mimi mwenyewe," anasema, mikono ikiwa bado ndani ya maji. "Hakuna mutu alinilazimisha. Kiisha batu ya bureau hawakukuja. Hata mumoja hakukuja."

Gauni lilimshinda. Alilisogeza karibu na moto, mkono ukakataa. Basi akafanya ujanja: akalitundika mlangoni mwa kibanda chake cha ushonaji, akalibandikia bei, lionekane bidhaa kama bidhaa nyingine. Wiki haikuisha, akaja msichana kulikodi. Mariette akashindwa kusema hapana, maana angekataa kwa sababu gani? Biashara yake ilianza hivyo, kwa kuogopa.

Pacifique aliulizwa, akasema hana mke. Oktoba 2008 alipanda basi na mama yake. Mariette alisimama mbali, katikati ya majirani waliokuja kuaga, akiwa na mimba ya miezi mitano chini ya kitenge. Hakumkumbatia mumewe, kwa kuwa siku ile hakuwa mke wa mtu. Bénédicte alizaliwa Februari iliyofuata.

Haikuwa kwamba Pacifique alimsahau, na Mariette hataki kusikia hata utani wa namna hiyo. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama mjini Winnipeg, anapiga simu kila Jumapili, anatuma alichonacho, na hajaoa. Mwaka 2012 aliomba kuwaita mkewe na mtoto wake. Kuhusu mke, akajibiwa hapana; la mtoto likaachwa lisubiri.

Ndipo Mariette alipoambiwa kwamba mjini Mbarara kuna mawakili wanaosaidia wakimbizi bila malipo. Akampata Safinah, wakili wa makamo mwenye sauti ya taratibu, ambaye mpaka leo ndiye anayebeba shauri hili. Safinah alimsikiliza mpaka mwisho, akamwagizia chai, halafu akasema lililomlazimu kusema.

"Mama Bénédicte, mimi siwezi kukudanganya. Bwana yako alisema hana bibi. Sheria ya kule, mtu aliyefichwa wakati ule hawezi tena kuitwa kama familia. Mtoto hakufichwa, yeye alikuwa hajazaliwa."

Mariette aliuliza adhabu hiyo inaisha mwaka gani. Safinah akamwambia haina mwaka. Chai ilipoa mezani.

Ilibaki njia moja nyembamba, nayo ni kuomba huruma: kukiri kosa, kisha kuonyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli tangu mwanzo. Safinah alimweleza pia kwamba kukiri kunaweza kumtia Pacifique matatani. Pacifique aliposikia, alisema kwenye simu kwamba amechoka kuwa kapera wa uongo. Basi wakili akaomba ushahidi, na cha kwanza alichotaja ni picha za harusi.

Mariette alikwenda Biharwe kwa Kamaldin. Mzee wa watu alipekua kila sanduku, lakini filamu za miaka ile zilikuwa zimelowa mvua na kushikana, zikatupwa. Kilichobaki ni albamu anayowaonyesha wateja. Mariette akaifungua, na gauni lake likawa humo, ukurasa baada ya ukurasa, limevaliwa na warefu, wafupi, wanene, wengine wakilia, wengine wakicheka.

"Nilijitafuta mule," anasema. "Nikaona batu bengine."

Maombi yalikwenda na ushahidi wa pasta aliyewafungisha ndoa na risiti za fedha alizotuma Pacifique. Majibu yakaja Machi mwaka huu, 2015. Mtoto amekubaliwa. Mama hapana.

Ili Bénédicte asafiri, ilitakiwa ruhusa ya mama. Kwa majuma mawili Mariette hakwenda Mbarara kuitoa. Alishona, alipika, aliwajibu watu vibaya. Majirani wengine walimshauri amzuie mtoto, na hakuna wa kuwalaumu. Kumpeleka mtoto wa miaka sita kwa baba ambaye hajawahi kumshika ni jambo zito kwa mama yeyote. Kisha akaenda, akaitoa ruhusa.

"Nilifichaka ndoa, ikaniangusha," alimwambia Safinah. "Mutoto sitamuficha."

Safinah anaandaa ombi la pili. Safari hii kuna vipimo vya damu vinavyothibitisha kwamba Bénédicte ni wa Pacifique, na tarehe ya kuzaliwa inaonyesha wazi mimba ilianzia wapi. Wakili haahidi kitu. Mariette anaamini. Amekwishaanza kujifunza Kifaransa kidogo cha kuandika, ingawa ameambiwa Winnipeg wengi wanasema Kiingereza.

Bénédicte anaondoka Jumatatu ijayo. Kamaldin ameombwa aje Jumamosi na kamera yake. Safinah aliposikia habari hiyo alishtuka, akampigia Mariette kumwonya kwamba picha ya leo haiwezi kupelekwa kama ushahidi wa harusi ya zamani. Mariette akamtoa hofu.

"Madam, hii foto si ya faili. Ni ya Bénédicte. Akomale akijua sura ya mama yake, na baba yake aione."

Mchana gauni limekauka. Mariette analigeuza ndani nje na kulilaza kwenye cherehani. Limebanwa na kulegezwa kwa maharusi wengi hadi mishono imejaa alama za sindano. Anafumua pembeni, taratibu, asichane kitambaa. Kiuno chake kimepungua tangu 2007, itabidi abane sana. Bénédicte amekaa chini, anaokota vipande vya uzi na kuvifunga kidoleni.

Mwanamke mmoja anasimama mlangoni na fedha mkononi. Mdogo wake anaolewa Jumamosi, wanataka gauni. Ataongeza bei ikibidi. Tangu kibanda hiki kifunguliwe, hakuna aliyewahi kulikosa.

Mariette hainui kichwa.

"Unisamehe, dada yangu," anasema. "Jumamosi hii, nguo iko na mwenyewe."