Printa Moja, Mitandao Miwili

Jamani, mwenzenu nilishawahi kufukuzishwa kazi na printa. Na wala haikuwa mbovu. Ingekuwa mbovu, kazi ningekuwa nayo mpaka leo.

Ofisi yetu ilikuwa Ngagara, tulikuwa tunapaka rangi majengo. Bosi wangu, Mama Béatrice, alikuwa na mshirika wake, Fortunat. Wakagombana, wakagawana kila kitu: wateja, viti, hadi ukuta wa mbao ukapigwa katikati. Kila upande ukajitengea mtandao wake wa kompyuta, ili huyu asichungulie mafaili ya yule.

Printa tu ndiyo iliyowashinda. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake.

Basi ikawekwa mlangoni, tunapopita wote. Ukitaka kuprint, unachomoa waya wao, unachomeka wenu. Wakitaka wao, wanachomoa wenu. Upuuzi mtupu, lakini ndivyo tulivyoishi.

Siku hiyo kulikuwa na zabuni ya kupaka rangi shule moja kule Carama. Bahasha mwisho saa sita mchana. Mama Béatrice alishaniambia wazi:

"Bella, hii tukiikosa, we tafuta kazi ingine."

Nikabonyeza print. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikaendelea kubonyeza kwa hasira mpaka kidole kikauma.

Kwenda mlangoni, waya uliochomekwa ni wao! Lisette, sekretari wa Fortunat, kasimama pale anaprint. Zabuni ile ile.

"Lisette dada, nipe dakika mbili tu."

"Apana, Bella, mi sijamaliza. Patron ananingojea, we ngoja kwanza."

Nilitamani kulia. Nikachukua flashi, nikashuka mbio kwa Claude, anayeprintia watu pale barabarani. Nikafunga bahasha, nikaipeleka, nikawahi. Nikajiona mjanja kweli.

Alasiri bahasha zikafunguliwa mbele yetu sote. Bei ya Fortunat ilikuwa chini ya yetu kidogo tu, kidogo cha kuudhi. Akapewa kazi.

Mama Béatrice akanigeukia. "Umeniuza."

"Madame, mi sikuambia mutu!"

Tuliporudi, Lisette akanipokea kwa tabasamu.

"Bella, mbona ulikimbia? Nilipomaliza nilikuonea huruma, nikarudisha câble yenu. Makaratasi yako yote yakatoka. Patron Fortunat akayaokota, akasoma, akaniambia niprint yetu upya."

Kumbe kila nilipobonyeza, kompyuta yangu iliiweka zabuni kwenye foleni, ikisubiri waya tu. Nilimkasirikia Lisette kwa huruma yake kuliko nilivyomkasirikia Fortunat kwa wizi wake.

Mama Béatrice alikuwa amesikia yote.

"Basi hukuniuza," akasema. "Umenigawa bure."

Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa ofisi.

Ndugu zangu, printa isipokujibu, usidhani haijakusikia. Kabla hujakimbilia kwingine, futa kwanza ulichoituma.