Furaha Alipovaa Disiki

Siku zile za miguu mitupu, sisi tuliosoma pande za Kebirigo tulifika shuleni tumelowa hadi magotini. Ukipita katikati ya mashamba ya chai alfajiri, umande haukuachi. Tulikaa darasani tukitoa mvuke kama sufuria, na mwalimu akifungua dirisha tulilia kwa baridi. Kila Ijumaa tulibeba kinyesi cha ng'ombe kwenye majani ya mgomba tukapaka sakafu kwa mikono, kisha tukanawa kijitoni, na mikono hiyo hiyo ikamenya viazi vitamu vya mchana. Sikumbuki aliyeugua. Wanangu nikiwasimulia wanaziba pua, wao ambao hata maji ya kunywa wanataka ya chupa.

Wenzangu wa rika mnaikumbuka disiki. Kwa wasioijua, kilikuwa kipande cha mbao chenye tundu, kimetiwa kamba ya mkonge. Kuongea Kikisii shuleni kulikatazwa. Ilikuwa Kiingereza au Kiswahili. Asubuhi kiranja alimvisha disiki mtoto wa kwanza kuteleza, naye akazunguka nayo shingoni akitega sikio, mpaka amnase mwingine amvishe. Jioni aliyekutwa nayo alichapwa mbele ya paredi. Na sisi nyumbani hatukujua lugha nyingine! Kiswahili chetu kilikuwa cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kwa hiyo michezo yetu yote tuliifanya nyuma ya migomba ya shule, kwa kunong'ona.

Furaha, msichana wa rika letu, aliletwa tukiwa darasa la tano. Alitoka Kongo na mama yake, vita viliwatoa, wakakaa kambini kaskazini, halafu watu wa kanisa wakawatafutia chumba hapa sokoni na cherehani ya kushonea. Baba hakuwepo, na hakuna aliyeuliza mara mbili. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia ajieleze, naye akasimama akaongea Kiswahili mfululizo, kitamu, bila kushika meza. Tulibaki midomo wazi. Sisi tungekiongea hivyo, tungekuwa maaskofu.

Lakini Kiswahili hicho ndicho kilichomtenga. Yeye disiki haikuweza kumpata hata kwa bahati mbaya. Akija nyuma ya migomba, tulinyamaza. Si kwamba tulimchukia. Tulimwogopa kama tulivyomwogopa kiranja, na tena tukicheza kwa Kiswahili mchezo ulikufa wenyewe. Alisimama pembeni na mpira wetu wa majani makavu ya migomba ukimpita miguuni, akiurudisha kwa adabu. Kisha akaenda kukaa karibu na tangi la maji.

Mama yake alishona nguo za mama yangu, hivyo nilisikia waliyozungumza. Alikuwa akipinda sketi huku machozi yanaangukia kitambaa.

"Mama Nyaboke, mtoto haongei tena hata nyumbani. Shule zikifungwa akiwa hivi, tutarudi kambini. Kule kuna njaa, lakini kuna watoto wanaomwita jina."

Mama yangu hakusoma hata darasa moja. Akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe ngoja kwanza. Yeye kuja kwangu chuma chai."

Tangu hapo Furaha alikuja kwetu jioni, akajifunga kikapu mgongoni. Mama alichuma upande huu wa mstari, yeye upande ule, na mimi nyuma nikilalamika mgongo. Sikujali waliyokuwa wakiongea. Nilidhani ni mambo ya chai.

Basi siku moja, wiki mbili tatu kabla ya kufunga, disiki ilinikuta mimi. Nyigu aliniuma sikio, na nani hulia kwa Kiingereza? Mvulana mmoja anaitwa Onsongo alinivisha huku akicheka. "Leo utalala kwa tumbo, Nyaboke!" Na kwa kuwa wote walijua niko nayo, shule nzima iligeuka bubu. Nilizunguka kila mahali. Hata watoto wa darasa la kwanza walinionyesha meno tu. Kengele ya saa kumi ikagongwa, tukapanga mistari, nami disiki ingali shingoni.

Ndipo Furaha akatoka kwenye mstari wake. Alitembea polepole katikati ya uwanja, shule yote ikimtazama, mwalimu wa zamu ameshika kiboko. Akasimama mbele yangu akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Bwakire!"

Hiyo ni salamu ya asubuhi kwa Kikisii. Saa kumi jioni! Kicheko kilichotoka siku ile sijakisikia tena. Yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa, akangoja nimvishe.

Mwalimu akaja mbio. "Wewe, rudi! Hiyo si lugha yako. Disiki ni ya wenye lugha yao."

"Ni yangu, Mwalimu. Mama Nyaboke amenifundisha. Najua na maneno mengine." Akaanza kuyataja: chai, kikapu, mvua, njoo tule. Yote ya Kikisii, yote ya shambani kwetu.

"Unataka kuchapwa kwa ajili ya huyu?"

"Hapana, Mwalimu. Nataka nivae miye pia. Wote wameshaivaa."

Mwalimu yule alikuwa mkali, sitamsingizia upole. Lakini alisimama akitazama kiboko chake kama kitu alichookota njiani. Akimwacha, amemwambia yeye si mwenzetu. Akimchapa, amchape kwa kosa gani? Mwishowe alinivua disiki, akamvisha Furaha kwa mikono yake mwenyewe, akamgusa na kiboko mara moja begani, kama anayepangusa vumbi. "Haya. Umechapwa. Nenda nyumbani." Onsongo ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Nywele zilinisimama. Hata sasa ninapoandika. Sisi tulikikimbia kile kibao kama ukoma, na mtoto aliyevuka nchi mbili aliona kukikosa ndiko kunakomkosesha watu.

Kesho yake alikuja nyuma ya migomba na hakuna aliyenyamaza. Shule zilipofungwa, mama yake alikuwa akishona sare za muhula mpya. Kambini hawakurudi.

Furaha aliolewa Nyamache. Mwezi uliopita tumemzika huko, kando ya nyumba yake. Mama yake, ambaye sasa anatembelea fimbo, alianza kumlilia kwa lugha ya kwao ambayo hakuna mmoja wetu aliyeielewa. Kisha akageukia Kikisii, ili tuweze kulia naye.

Kitinda mimba wangu anasoma shule ya kutwa huko Sironga, na darasani mwao kuna mvulana kutoka Sudan Kusini. Nilimuuliza wanaongea naye lugha gani.

"Aki mathe, si tunaongea tu? Huyo ni msee wetu." Akarudi kwenye simu.

Msee wao, yaani mwenzao! Kikisii chenyewe hakijui vizuri, Kiswahili anakikatakata, na bado mgeni alipata wenzake siku aliyofika, bila kibao wala kiboko. Namshukuru Mungu kwa hilo. Siombi siku zile zirudi na baridi yake na fimbo zake. Ila jioni, nikipita kwenye chai peke yangu, huona uwanja ule na mtoto mmoja akiuvuka polepole kuja kwetu, nami natamani kuwa na mtu wa kumwambia, unakumbuka? Na aliyekumbuka vizuri kunishinda ndiye tuliyemzika.