Ramani ya Kumfikia Babu

Miaka ile ya hamsini nilikuwa dereva wa lori la samaki Nchelenge, na kwa habari ya ramani nilijiona mtaalamu. Ramani nzuri, niliwaambia wenzangu, ni ile inayokuonya kabla kilima hakijakuonyesha cha mtema kuni.

Mama alitaka kwenda kisiwani Kilwa, Kilwa yetu ya Ziwa Mweru yenye vilima, si ile ya baharini. Alizaliwa huko, baba yake akiwa mkuu wa kijiji. Akiwa bado msichana alimfuata baba yangu upande wa Kongo bila kuaga, na mzee akafa hawajaonana tena. Sasa magoti yalimsumbua, naye alitaka kufika kaburini aombe radhi kabla hayajagoma kabisa. Kilima kimoja angekiweza. Viwili, hapana.

Mgiriki aliyenunua samaki wetu alikuwa na ramani mbili za kisiwa dukani. Ya zamani ilibandikwa juu ya kitambaa, na vilima vyake vilichorwa kama manyoya ya kuku. Mpya ilikuwa na mistari ya miinuko, inapobanana ujue mlima ni mkali, na kila kijia kiliwekwa. Jina la babu lilikuwa kwenye zote mbili, maana kwetu kijiji huitwa kwa jina la mkuu wake. Lakini ya zamani ilikiweka kijiji kileleni, na mpya ilikiweka upande wa pili, nyuma ya kilima kidogo. Mama aliniuliza ipi inasema kweli. Nikamjibu kwamba ni mpya, tena kwa sauti ya mtu anayejua, nikaiazima.

Tukavuka kwa mtumbwi, tukapanda polepole, mama ameshika bega langu. Kila bonde lilikuwa pale ramani iliposema. Nilifurahi hadi nikaanza kupiga mluzi.

Kijiji tulikikuta, lakini nyasi za mapaa zilikuwa bado mpya. Mwanamke aliyekuwa akianika mihogo alitueleza kwamba kijiji kilihama baada ya mkuu kufa, na jina likahama nacho. Kaburi lilibaki kule kileleni. Niliona aibu, na ile ramani ningeweza kuichana.

Mama akauliza mkuu wa sasa ni nani. Tukaonyeshwa kijana mwenye kaptula iliyochanika, akishona wavu. Alikuwa mjukuu wa dada yake babu, aliyerithishwa jina la marehemu. Kwetu anayerithi jina hurithi na watoto. Nililijua hilo tangu utotoni, ila mbele ya kaptula ile halikunijia.

Mama aliliachia bega langu. Kisha akapiga magoti, yale magoti mabovu, akapiga makofi taratibu kama binti mbele ya baba yake.

“Tata, ni miye. Nilienda bila kuaga. Unisamehe.”

Kijana akaweka wavu chini. Hakucheka. Alikuwa mdogo kuliko mimi.

“Mwana wandi,” alisema, “mutoto wangu, ulikawia sana. Simama, magoti itakuuma.”

Mama alilia kuliko siku tuliyomzika baba. Nami nililia, dereva mzima.

Asubuhi kijana alijitolea kutupeleka kileleni, hata kumbeba mama mgongoni. Mama alimshukuru, akaomba mtumbwi wa kurudi. Nilimuuliza kaburi je.

“Kule nitafanya nini?” alisema. “Nimeisha kusema naye.”