Soksi Nilizozipunguza kwa Cherehani

Nimesoma mpaka darasa la pili. Namba nilizonazo nimezipata kwenye futikamba, nikipima viuno vya watu wa Tabora, na kwa namba hizohizo nimejenga nyumba Itetemia. Kwa hiyo daktari aliposema mishipa ya miguu yangu imechoka kurudisha damu juu, nivae soksi ndefu za kubana, sikungoja mtu anipime. Nilijipima mwenyewe jioni, baada ya kukanyaga cherehani kutwa, nikaenda dukani na vipimo vyangu.

Asubuhi zilinipwaya. Miguu ilikuwa imenywea usiku, soksi zikashuka na kujikunja kwenye kifundo. Nguo ikipwaya inapunguzwa. Nikazipunguza. Mshono ulinyooka mpaka nikajisifu. Siku ya nne ule mshono ulikuwa umenichuna juu ya kifundo, kidonda kinatoa maji.

Muuguzi wa zahanati, rika la wajukuu zangu, aliigeuza ile soksi.

"Babu, nani kakufanyia hivi?"

"Fundi."

"Fundi gani huyo?"

"Unaongea naye."

Alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Kisha akanieleza: mguu hupimwa alfajiri, kabla haujashuka kitandani, na soksi hizi hubana zaidi chini kuliko juu, ukizipitisha kwenye cherehani umeziharibu. Kosa lilikuwa langu. Nimelisema mara moja, sirudii.

Habari ikafika Igunga. Binti yangu akapiga simu: anakuja kunichukua, cherehani iuzwe, nikakae kwake nitazame mpunga.

"Baba, miguu imekwisha."

"Mababu zako walikwenda pwani na kurudi kwa miguu, mzigo begani. Mimi nakanyaga pedeli nimekaa."

"Wao hawakuwa na vidonda."

"Nani kakwambia?"

Tukakubaliana: kidonda kikigoma mpaka mpunga uvunwe, nakwenda. Kikifunga, asinitajie tena habari ya kuuza.

Nikakaa na mguu juu ya kigoda, nikishona vifungo kwa mkono kama mwanagenzi. Jirani akapita. "Fundi, umekuwa sultani?" Nikamwambia alete suruali yake iliyopasuka matakoni, sultani ataitazama.

Kidonda kilipokauka nilijipima upya, alfajiri, nikiwa bado kitandani. Siku iliyofuata muuguzi akaja asubuhi na mapema akapima mwenyewe. Namba zangu na zake zikalingana. Nikanunua soksi nyingine.

Mpunga ulipovunwa binti yangu akaja na begi tupu, la kuwekea nguo zangu. Alifika jioni. Alfajiri akaingia chumbani kabla sijashuka kitandani, akaushika mguu, akatafuta kwa kidole mpaka akalipata kovu. Kavu. Akaokota soksi.

"Nikuvishe?"

"Nina mikono."

Kuzivaa ni mieleka. Nilivuta, nikapumzika, nikavuta tena, naye amekaa ananitazama bila kunisaidia, maana ananijua. Kisha nikaenda barazani, nikaweka miguu kwenye pedeli, nikamwambia asimame wima nimpime.

Kesho yake alipanda basi la Igunga peke yake. Ndani ya lile begi mlikuwa na gauni nililomshonea, na halikumpwaya.