Mashine Iliyokula Joto la Mapaja

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote, kwamba laptop nyembamba haina betri. Inaishi kwa joto la mwili wa mtu, kama yai chini ya kuku. Ukiiacha ipoe kabisa, yale uliyoandika ndani yanakufa, na hata fundi wa Bujumbura hawezi kuyafufua. Habari hiyo nilipewa na mwenzangu wa darasa, kwenye masomo ya jioni pale Uvira. Yeye aliipata kwa shemeji yake, na shemeji aliipata kule habari zote za Uvira zinakotoka, yaani hewani.

Msinicheke upesi. Sisi laptop tulizijua kwa migongo yao. Zilifika kwetu zimeshazeekea Ulaya, nene kama tofali, na nyuma zilikuwa na betri ambayo ukiisukuma kidogo inakutokea mkononi. Mashine ikizimika, uliichomoa betri, ukaipuliza, ukailaani, ukairudisha. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba kitu hiki ni laptop.

Sasa yaya, dada yangu mkubwa anayeishi Mboko, akaniletea ile yake ya zamani. Nilikaribia kuanguka. Ilikuwa nyembamba kama ndagala, yaani dagaa, wa kukauka! Niliigeuza juu, chini, ubavuni. Hakuna mlango wa betri. Hakuna mahali pa CD. Hata flash haikuwa na pa kuingia. Tundu moja tu, la chaja, linalotosha sisimizi mmoja, tena awe amekonda.

“Weye, hii iko mashini ao sahani?” mwenzangu aliuliza. “Betri yake iko wapi?”

“Minye sioni.”

“Unaona sasa! Si nilikuambia? Inakula joto ya muntu. Njo maana watu wanaiweka ku mapaja.”

“Na chaja je?”

“Chaja iko chakula. Joto iko pumzi. Bila chakula utakaa hata siku tatu. Bila pumzi je?”

Hoja hiyo ilinimaliza. Tena ushahidi ulikuwepo: niliiweka juu ya mapaja, ikapata joto, niliiacha juu ya meza, asubuhi nikaikuta baridi kama maiti. Nani angebisha?

Nikaipenda hivyohivyo. Niliibeba kwapani kutoka kwetu mtaa wa Songo hadi shuleni, na kwapa halikujua kama limebeba kitu. Haikutoa sauti, wakati ile tofali ya mwenzangu ilinguruma kama kinu cha kusaga unga, mwalimu akalazimika kufundisha kwa kupiga kelele. Lakini tofali ilikuwa na matundu ya kutosha kijiji kizima. Mwenzangu alinakili kazi yake ya mwisho wa masomo kwenye flash, akaivaa shingoni kama rozari. Kazi yangu mimi, juu ya akina mama wanaoleta nyanya kutoka Luvungi, jioni zangu zote za miaka yote, ilikuwa humo ndani ya ndagala peke yake. Nakala nyingine haikuwepo duniani. Bila kazi hiyo hakuna kuitetea mbele ya walimu, na bila kutetea hakuna diploma.

Vita vilitukuta hivyo. Watu wa Kamanyola na Luvungi walikuwa wameanza kupita na magodoro vichwani, nasi tukawa tunawapa pole kama watu ambao jambo haliwahusu. Asubuhi moja milio ikaanza milimani, juu yetu kabisa, milio ya kuwaamsha samaki hadi ng'ambo ya ziwa. Nilishtuka hata nikavaa blauzi ya mke wangu. Yeye alikuwa amejifungua si muda mrefu. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua sufuria, nami nikachukua laptop. Tulipofika Kalundu nikakumbuka chaja. Ilibaki Songo, inaning'inia kwenye msumari.

“Si weye na mwenzako mulisema chakula si kitu?” mke wangu aliniuliza.

Tuliifuata barabara ya kusini kandokando ya ziwa, kwenda kwa yaya. Mpaka leo sijui niielezeje barabara ile. Watu walijaa kama siku ya soko, lakini hakuna aliyepaza sauti. Baba mmoja alibeba mlango wa nyumba yake. Mlango tu. Nilimtazama mpaka nikajikwaa.

Mwenzangu wa darasa tukakutana naye humo humo, ameficha tofali ndani ya gunia la unga wa mihogo, shingo imezama mabegani. Mimi laptop yangu ilikuwa chini ya blauzi, juu ya ngozi, nikiipa joto na kuisogeza kila ilipotaka kuteleza.

Kisha neno likaja kutoka mbele, mdomo kwa mdomo: kuna kizuizi, wenye silaha wanapokonya simu na mashine.

“Lete hapa,” mke wangu alisema.

Alikuwa bado anafunga tumbo kwa kitenge, kama wafanyavyo akina mama wakitoka kuzaa. Alikwenda nyuma ya ukuta mmoja, akalegeza, akalaza laptop juu ya tumbo, akakaza. Alipotoka, hata mimi niliyejua sikuona kitu!

“Shemeki, na yangu?” mwenzangu aliomba.

“Yako? Watasema niko na mimba ya tembo.”

Kizuizini kijana mwenye bunduki alimwangalia kuanzia miguuni.

“Umefunga nini ku tumbo?”

“Mama yako alipokuzaa weye, hakufunga tumbo?”

Kijana akaangalia pembeni. “Pita, mama.”

Gunia la mwenzangu lilimwagwa chini. Tofali ikachukuliwa, naye akabaki amesimama, mikono myeupe kwa unga. Tulipoanza kutembea tena akapapasa flash shingoni.

“Kazi yangu iko hapa,” alisema taratibu. Akalitazama tumbo la mke wangu. “Ile yako, chunga isipoe.”

Mchana ule wote tuliilinda kama mgonjwa. Mke wangu alilowa jasho, akaomba aitoe apumue, nami nikambembeleza: kidogo tu, mama mtoto, bado kidogo. Penye mto mmoja ilibidi tuvue nguo, tukaivusha mashine juu ya kichwa changu, na upepo wa ziwa ukaipiga. Ng'ambo nilibonyeza kitufe. Giza. Nikabonyeza tena. Giza. Nikakaa chini kwenye mchanga, na mke wangu, aliyeipitisha mbele ya bunduki, akaifunga tena tumboni.

Mboko, yaya alitukumbatia, akahesabu kama tumetimia. Mimi nikaweka mashine mezani.

“Imekufa, yaya. Ilipoa pale mutoni.”

Alinitazama kama mtu anayesubiri mwisho wa kichekesho. Kisha akaivuta chaja ya simu yake iliyochomekwa kwenye sola, akaisukuma ndani ya lile tundu langu la sisimizi. Chaja ya simu! Ikaingia bila ugomvi wowote. Akatuambia tule kwanza.

Nilikula ugali macho yakiwa kwenye mashine. Baadaye sana yaya akabonyeza, kioo kikawaka, na kazi yangu ikatokea, pamoja na nyanya zote za Luvungi, mstari ukiwa umeishia pale pale nilipouachia. Niliruka, nikapiga kelele hata jirani akatoka mbio akidhani vita vimefika.

“Tumbo ya mama mtoto!” nililia. “Joto ya tumbo yake imeiponyesha!”

Mke wangu alikuwa anajikanda pale kitenge kilipomkata. Yaya alimwangalia yeye, akaniangalia mimi.

“Mudogo wangu,” alisema, “betri iko mule ndani. Wameifunga na visi, ile misumari ya kuzungusha, haitoki, basi. Moto yake, ile ya chaja, iliisha njiani. Maandiko haina haja ya joto hata kidogo, na jasho ya bibi yako ingeweza kuiua.”