Bwana Afya na Mnara wa Taa

Nilikubali safari hii kwa ajili ya mnara wa taa, na nilikubali haraka mno. Mama alisema panya wanatafuna nyavu za mama mdogo kule ziwani, hivyo likizo ikifika nimpelekee Bwana Afya, abaki huko moja kwa moja. Bwana Afya ni paka wangu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hukagua kila sufuria kisha hununa. Ningeweza kukataa. Lakini kijiji cha mama mdogo, mbele kidogo ya Kirando, kina mnara wa taa wa kuongozea mitumbwi, nami napenda minara ya taa kuliko kitu chochote ambacho sijawahi kukiona. Picha zake nimezibandika ukutani, juu ya kitanda. Mnara unasimama peke yake na hakuna anayeuuliza, "Mbona huongei?" Mimi huulizwa hivyo shuleni, kanisani, hata dukani. Basi nikasema, "Sawa, Mama," halafu nikakosa raha wiki nzima.

Bwana Afya naye ana maoni yake kuhusu picha zile. Nayajua kwa sababu tunalala chumba kimoja na mkia wake hausemi uongo. Mlingoti mrefu, hauna harufu, juu kuna taa inayozunguka usiku kucha na hakuna aliyewahi kuikamata: kwake huo ni uzembe. Tena anashangaa mtu wa Malangali, kwetu hapa Sumbawanga, ambako maji makubwa kuliko yote ni dimbwi la mbele ya mashine ya kusaga, anahangaikaje na taa za wavuvi.

Asubuhi, stendi ya Sumbawanga. Upepo ulikuwa ule wa kukata masikio. Nilimbeba kwenye tenga la kuku, nimelifunika kwa kanga. Konda akainama.

"Dada, kuku wako umemfunga miguu?"

Bwana Afya ndiye aliyejibu, kwa sauti ndefu ya malalamiko.

"He! Kuku wa Sumbawanga siku hizi wanalia nyau!"

Basi zima likacheka. Niliangalia dirishani mpaka mashamba ya mahindi yakaisha, yakaja ya ulezi, yakarudi ya mahindi. Kila basi lilipopunguza mwendo nilijiambia nishuke, nivuke barabara, nirudi nyumbani. Sikushuka. Ndani ya tenga mkia ulikuwa unapiga pwa, pwa, kama mtu anayesubiri maelezo.

Namanyere, mchana. Tulisimama kubadilisha gari. Mama mmoja muuza ndizi alichungulia tengani.

"Kazuri haka! Unakapeleka wapi, mwanangu?"

"Shikamoo. Ziwani."

"Marahaba. Kutembea tu?"

"Ndiyo," nikasema. Bwana Afya alinikazia macho mpaka nikafunika kanga.

Baada ya Namanyere barabara huanza kushuka. Joto linapanda kutoka chini, watu wanavua masweta mmoja mmoja, halafu kwenye kona moja ziwa linatokea lote kwa mara moja, la buluu, halina mwisho. Nilisimama bila kujijua na kugonga kichwa kwenye keria ya mizigo. Nilifurahi. Kisha nikakumbuka tenga na furaha ikaingia mchanga.

Kijijini, alasiri. Mama mdogo alitupokea kwa vigelegele. Nilipiga goti, nikaamkia. Alimtoa Bwana Afya, akampima uzito kwa mikono miwili kama anayenunua boga.

"Huyu ni mwanamume wa kazi! Panya wa humu watahama." Akaenda jikoni, akarudi na samaki, mgebuka mmoja mnene wa kukaushwa kwa moshi. "Haya, Sabina, pokea. Paka hatolewi bure. Ukimchukua bure anaota jua tu, panya wanamkanyaga mkia. Mpelekee mama yako, akishampika samaki huyu na kumla, paka ni wangu kabisa."

Nilipokea kwa mikono miwili. Nikamweka samaki juu ya begi langu, chumbani, karibu na nyavu.

Jioni, mwambani. Baba mdogo, mume wa mama mdogo, alinipeleka kwenye mnara. Hauna ngazi ya kuzunguka wala mlinzi mwenye ndevu. Ni nguzo ya chuma iliyopakwa nyeupe, ina sola, na urefu wake unazidi kidogo mnara wa kengele wa kanisa letu. Hata hivyo, taa yake ilipowaka mwili wangu wote ulisisimka. Iliwaka, ikazima, ikawaka. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inatoka, na baba mdogo akaniambia kila mmoja huitafuta ile taa wakati wa kurudi. Mimi nilikuwa nageuka nyuma kutafuta paa la nyumba.

"Vipi, umeingiwa na siafu?"

"Turudi, Baba Mdogo."

"Umetoka kote huko Sumbawanga kuja kuangalia hii, hata hujakaa!"

Nyumbani tulikuta kelele. Mama mdogo alikuwa ameshika mfupa mmoja mrefu, safi kama kitana. Bwana Afya alikuwa amelala juu ya nyavu, tumbo limemjaa, anajilamba. Alikuwa amemla mgebuka wote.

"Amekula bei yake mwenyewe!" baba mdogo akasema, akicheka mpaka akakaa chini. "Basi si wako, mke wangu. Huyu amejinunua."

"Nyamaza wewe. Samaki wapo." Akaleta mwingine, akaninyooshea. "Pokea."

Mikono yangu ilikwenda mgongoni yenyewe.

"Sipokei, Mama Mdogo."

"Unasemaje?"

"Sipokei. Nampenda. Nilikubali kwa sababu ya mnara, lakini simtoi."

Mama mdogo alimshusha yule samaki. "Panya wanamaliza nyavu zetu, Sabina. Wavu ukitoboka tunakula nini?"

Nikasema nitaziba matundu mpaka likizo iishe. Mama mdogo akanirushia sindano ya nyavu na uzi.

Niliziba kila siku, vidole vikichanika. Baba mdogo alizitundika nyavu nilizomaliza kwenye waya darini, mbali na kuta, panya wasizifikie. Bwana Afya alisimamia kazi yote akiwa amelala. Mnara niliuona kila jioni kutoka mlangoni, na sasa nimejua kwamba mtu aliye majini hasaidiwi na taa inayoona haya.

Siku ya kuondoka mama mdogo alitusindikiza hadi kwenye gari. "Mwambie mama yako nimelisha paka wake likizo nzima, hajakamata hata mende!" Lakini alinifungia dagaa.

Malangali, jioni. Mama alikuwa mlangoni. Aliona tenga, akaona kanga inasogea, akafungua mdomo. Nilimwamkia, nikaanza kueleza kabla hajauliza: samaki, mfupa, nyavu, mnara, kwamba nimekosa na kwamba sijutii. Alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kumbe wewe," akasema, akinipokea tenga, "ukiamua, hunyamazi."