Nilimfukuzisha Mchumba wa Dada Yangu, Kumbe Draiva Ilikuwa Yangu

Jamani, nimekosa! Mkosaji ni mimi, wala msinitafutie kisingizio.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi kompyuta kwenye mradi wa asali pale Mpanda mjini. Asali ilitoka Ugalla, sisi tunaipaki na kuchapa lebo. Fundi mwenzangu aliitwa Mayunga, Msukuma wa Kasekese, mchumba wa mdogo wangu Tabu. Aliniita shemeji kabla hata ng'ombe wa mahari hawajafika nyumbani.

Wafadhili wakatuletea kompyuta mbili na printa ya USB. Enzi hizo USB ilikuwa kitu kigeni! Printa ikagoma. Nikaikalia draiva, ile programu inayoiambia kompyuta namna ya kuutumia mlango wa USB, nikairekebisha mpaka ikachapa kwenye mashine yangu. Kichwa kikanivimba! Nikainakili ilivyo kwenye mashine ya Mayunga.

Ya kwake ikawa inaganda. Leo inachapa, kesho lebo zinatoka nusu. Nikajiuliza, kwa nini kwake tu?

Nikaanza kumvizia. Akicheka na meneja, nasema ananisengenya. Akinyamaza, nasema anapanga jambo. Mchana mmoja natoka kula, namkuta ameifungua ile kompyuta, bisibisi mkononi.

"Unatafuta nini humo?"

"Shemeji, hizi mashine zinafanana nje tu. Chipu ya USB ya hii ni ya kampuni nyingine. Draiva yako inaiamrisha kana kwamba ni chipu ya mashine yako. Njoo uone."

Sikwenda kuona! Mimi nilimwona mwizi anajitetea. Nikanyoosha kwa meneja, mama mmoja mkali, nikamwambia Mayunga anaharibu mashine makusudi achukue nafasi yangu, na labda anauza vipuri. Hiyo "labda" ndiyo iliyommaliza. Alifukuzwa mbele ya akina mama wanaopaki asali. Baba naye akasema binti yake haolewi na mwizi.

Mayunga akaenda zake. Kompyuta ikaendelea kuganda!

Nikaifungua. Chipu ilikuwa nyingine kweli. Nikaongeza mistari michache kwenye draiva, iitambue kwanza chipu iliyopo, na ile ya pili iipe nafasi ya kupumua kabla ya kuipelekea amri nyingine. Printa ikachapa mpaka karatasi zikaisha.

Hapo ndipo nilipofanya ubaya wenyewe. Meneja aliuliza imekuwaje, nikajibu, "Ulikuwa umeme tu, mama."

Umeme! Mdomo wangu huuhuu!

Tabu alilia mpaka akakonda, nami nikamwambia atapata mwingine. Akampata, akaolewa Sumbawanga, na ndoa ile haikumpa raha hata kidogo. Miaka ikapita. Alipokuja kwenye msiba wa mama, ndipo nikamweleza.

"Wewe ulijua lini?" akaniuliza.

"Wiki ileile aliyoondoka."

Alinitazama kama mtu asiyenifahamu. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu.

Nikaenda pia Kasekese, kwao Mayunga. Nilimkuta Mayunga anapukuchua mahindi na mke wake. Nikaeleza yote. Hakunitukana, ingawa nilitamani anitukane.

"Tabu anajua kwamba sikuiba?" akauliza.

"Anajua."

"Haya." Akamwomba mke wake aniletee maji ya kunywa, akaendelea kupukuchua, hakuniangalia tena. Nikanywa yale maji, nikaondoka.

Nyie mnaosoma, ogopeni shaka inayowapa sifa nyie na lawama mwenzenu! Kagua kazi yako kabla hujamkagua mtu. Na ukigundua umemsingizia, sema siku hiyohiyo, palepale ulipomchafulia jina, hata kama watu watakucheka. Mimi nilisubiri mpaka nikaota mvi, na hakuna aliyekuwa bado anahitaji nimwombe msamaha.